Nani Anakaa Chini ya Tuta

3 Oktoba

Kuna moshi mtaa wa chini. Nilikuwa uani nachoma pilipili hoho za kuweka chupani, nikainua kichwa kukohoa, nikauona unatoka kwenye dohani ya nyumba ambayo haijawashwa moto tangu mzee Kolyo azikwe. Nikamwita Rusi. Mume wangu akaja na taulo shingoni, akatazama, akasema ni wezi. Nikamwuliza ni mwizi gani anayeanza kazi kwa kuwasha jiko.

Tukashuka. Ni shangazi yake, Dimka, mjane wa huyo Kolyo. Ana miaka themanini na minne na ameteremka kwenye basi la asubuhi na mfuko mmoja wa nguo. Amemtoroka binti yake mjini, ghorofa ya saba.

"Kule hata ndege wanapita chini yangu," alisema. "Mtu aishi hivyo kwa dhambi gani?"

Rusi alimkumbatia, akamsafishia dohani, wakacheka. Lakini tulipokuwa tunapanda kurudi hakusema neno, na Rusi si mtu wa kunyamaza. Nilidhani uzee wa shangazi umemsikitisha.

4 Oktoba

Pilipili zimekwisha. Mgongo nao.

7 Oktoba

Kumbe si uzee wa shangazi. Ni bwawa.

Leo amenieleza, baada ya kuzunguka meza mara kadhaa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kabla ya baridi itakuja tume kukagua mabwawa ya watu binafsi na kuyapanga upya katika madaraja ya hatari. Letu liko daraja la tatu, la chini kabisa. Miaka yote nilidhani maana yake tuta letu ni imara. Sivyo. Daraja halipimi kama tuta ni zima au bovu. Linapima nani atakufa likipasuka. Na mtaa wa chini, ambao maji yangeupitia, hauna mtu: nyumba saba, kila lango na karatasi yake ya tanzia yenye picha ya marehemu, mvua imewafuta nyuso. Ndiyo maana tunaachwa tufuge samaki kwa amani.

Mtu mmoja tu akiishi pale, tunapanda hadi daraja la kwanza. Hapo tutatakiwa tuwe na mhandisi, king'ora, utoro mpya wa zege wa kutolea maji yanayozidi, na michoro ambayo hata ng'ombe wote wa kijiji wakiuzwa haitalipika. Ama hivyo, ama bwawa likaushwe.

"Kwa hiyo shangazi yako akipika supu, bwawa linapanda daraja?"

"Akilala," Rusi alisema. "Kupika tu si neno."

Nilicheka peke yangu.

9 Oktoba

Shangazi kaja kuomba chumvi. Kaondoka na chumvi, mafuta, na sufuria yangu nzuri. Bado ananiita bibi harusi, na mimi nina wajukuu wawili.

15 Oktoba

Siwezi kukaa. Nikikaa mguu unacheza chini ya meza hadi Rusi anauliza kama nashona. Basi natembea juu ya tuta, kwenda na kurudi.

Nimelipita maisha yangu yote bila kulitazama. Leo nimelitazama. Ni udongo mtupu, lilijengwa na ushirika zamani kwa ajili ya kumwagilia mahindi, refu kwenda juu kama nyumba ya ghorofa tatu, na mgongo wake unatosha gari moja la kukokotwa. Upande wa maji lina mawe, upande wa bonde lina majani ambayo kondoo wa Rusi wanayala. Pembeni kuna utoro, yaani mfereji wa zege unaopitisha maji yanayozidi ili yasije yakapanda juu ya udongo. Tuta la udongo linavumilia mengi, lakini maji yakipita mgongoni linakatika kama mkate.

Na kwenye mdomo wa utoro huo mume wangu ameweka wavu wa chuma, na chini ya wavu mbao mbili. Kila mwenye bwawa wilaya hii anafanya hivyo. Mbao zinaongeza maji, na wavu unazuia samaki wasitoroke maji yakifurika. Samaki wenyewe ni sharan, wanene, wenye magamba kama sarafu. Mwaka mzima tunawalisha kwa ajili ya siku moja tu, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, tarehe sita Desemba. Siku hiyo hakuna nyumba isiyokuwa na sharan mezani, na mnunuzi wetu huja siku tatu kabla, analichukua bwawa zima. Kabla ya hapo sharan mmoja hana thamani ya chakula alichokula.

Chini kabisa, kwenye mguu wa tuta, kuna mahali penye unyevu palipoota mnanaa. Rusi anasema kila tuta hutoa machozi kidogo.

21 Oktoba

Nimemsaidia shangazi kuweka kabichi kwenye pipa la chumvi. Tuseme ukweli, yeye alikaa kwenye kigoda akinielekeza. Nakata vipande vinene mno. Nabonyeza kama mtu anayeogopa kabichi. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakunifundisha. Nilirudi nyumbani nikamwambia Rusi ampigie simu binti wa mjini aje amchukue mama yake. Nilisema kwa hasira ya kabichi, lakini yeye aliitikia haraka mno, na hapo nikajutia ulimi wangu.

Binti alisema mama yake akitaka kufa kwenye baridi ni hiari yake.

28 Oktoba

Rusi amezungumza na shangazi. Alimwomba siku ya tume azime moto na apande kwetu kutwa nzima, halafu jioni arudi. Rusi alidhani shangazi atamtukana. Hakumtukana. Alimwuliza tu kama bwawa ndilo linalomsomesha mjukuu wetu, Rusi akasema ndilo.

"Basi nitakuja," alisema. "Moto si mtoto, hauweki kinyongo. Ukizimwa unawashwa."

Nilitamani angebisha kidogo.

2 Novemba

Tume ilikuwa mwanamke mmoja, mhandisi, jina lake Bilyana, ana buti kubwa kuliko za Rusi. Alikuja na Pencho, naibu wa mwenyekiti, anayekaa kijiji cha pili na kusimamia vijiji vyetu vitatu. Jana yake Rusi alikuwa amekwisha kung'oa wavu na mbao, amezificha chini ya nyasi kavu bandani. Utoro ulionekana msafi kama kinywa cha mtoto.

Yule mama alitembea tuta lote polepole. Alisimama penye mashimo ya panya-maji, akaingiza fimbo, akatikisa kichwa. Alishuka hadi kwenye mnanaa, akachota maji kwa kiganja, akayatazama kwenye mwanga. Akaniambia mimi, si Rusi, kwamba yakitoka safi hayana neno, lakini siku yakitoka na tope maana yake tuta limeanza kuliwa kutoka ndani. Akanipa namba yake ya simu, akasema nipige hata kama ni Jumapili.

Kisha walishuka mtaa wa chini. Malango saba, tanzia saba. Lango la shangazi lina picha ya mzee Kolyo, nayo haina tofauti na nyingine. Dohani baridi, madirisha yamefungwa. Pencho alisema hapa wakazi wote wako malangoni, wakacheka, wakapanda kwetu kunywa kahawa.

Shangazi alikuwa amekaa jikoni kwangu, karibu na jiko, kitambaa kipya kichwani. Bilyana alimwamkia kwa heshima, wakaongea habari za magoti. Halafu akauliza, kwa wema tu, bila kutega:

"Na wewe, bibi, nyumba yako ni ipi?"

Shangazi hakumtazama Rusi. Alinitazama mimi.

"Nakaa kwa mpwa wangu," alisema. "Mke wake ananitunza vizuri."

Nikainuka kuongeza kahawa kwenye vikombe vilivyojaa.

Daraja la tatu. Rusi alimmiminia Pencho rakia, wakagonga glasi. Jioni nilimsindikiza shangazi. Nyumba ilikuwa na baridi ya kaburi, na vidole vyake havikuweza kushika kiberiti, nikamwashia mimi. Hakunishukuru, wala hakunilaumu. Ningependa moja kati ya hayo mawili.

3 Novemba

Wavu umerudi. Mbao zimerudi, na wa tatu juu yake.

8 Novemba

Sikukuu ya Malaika Mkuu. Kanisani tulikuwa wanane. Mvua imeanza tulipokuwa tunatoka.

9 Novemba

Mvua.

10 Novemba

Mvua. Rusi anasema ni nzuri kwa samaki, kana kwamba walikuwa na kiu.

12 Novemba

Mvua. Nimefuma soksi moja na nusu, nimeifumua yote.

16 Novemba

Jua saa mbili, tukaanika kila kitu. Kisha mvua juu ya kila kitu.

20 Novemba

Maji yamefika kwenye ubao wa tatu. Majani ya mijozi na mabua ya mahindi yanakuja na mto unaoingia bwawani na kunasa kwenye wavu, na kila asubuhi Rusi anayavuta kwa reki. Nimemwambia atoe mbao. Amesema Desemba tatu. Nimemwambia atoe ubao mmoja. Amesema Desemba tatu. Ukimwuliza wakati gani tutakula, atasema Desemba tatu.

Sijui ni lini nilianza kumwona hivi. Rusi si mbaya. Huyu ndiye mtu aliyembeba mbwa wa jirani kwa daktari kilomita kumi na mbili. Lakini mwaka huu nikimwangalia mgongo akiwa amesimama kule juu ya tuta, namwona mtu anayeshikilia mlango kwa bega huku akidai hakuna anayegonga.

23 Novemba

Penye mnanaa pamekuwa dimbwi. Maji bado ni safi. Nimeyachota kwa glasi, nikaipeleka nyumbani, nikaiweka mbele ya sahani ya Rusi. Akaihamisha ili afikie chumvi.

Nikaenda kumbembeleza shangazi apande akae kwetu hadi mvua ikatike. Alikuwa anachambua maharage. Alisema hapana. Nikasema ni kwa siku chache tu. Akaendelea kuchambua, kisha akasema jambo ambalo nimeshinda nalo kutwa:

"Bibi harusi, nilipanda siku moja, inatosha. Siku ile jikoni kwako nilijiona nimeshakufa, ila nimepewa kahawa."

Nilimwambia hakuna aliyekusudia hivyo. Akasema anajua, ndiyo maana alikuja. Nilikaa tukachambua maharage pamoja hadi giza likaanza kuingia, na kwa mara ya kwanza mguu wangu ulitulia.

25 Novemba

Mvua ndogo. Nimemwambia Rusi ukweli: kwamba namwonea haya. Kasema na yeye anajionea, lakini haya haimlipii mjukuu chuo. Tukalala tumepeana migongo.

27 Novemba

Nisipoandika leo nitakuja kujidanganya.

Asubuhi mvua ilishuka kama imetumwa. Saa tatu simu za watu wote kijijini zililia kwa onyo la mafuriko. Nikampigia Pencho. Alikuwa kijiji cha pili anawahamisha watu wa kando ya mto, na daraja la gari kati yetu lilikwisha kuzama. Nikamwuliza nani anakuja kumtoa shangazi Dimka mtaa wa chini.

"Mtaa wa chini sina mtu, Savka," alisema. "Orodha inakwenda na daraja la bwawa. Kwenu hakuna wa kuhamishwa."

"Yupo. Anaishi pale tangu Oktoba."

Nilisikia mtoto analia kwenye gari lake.

"Si alisema anakaa kwenu? Mimi nilikuwepo mezani."

Nilikata simu. Ningemjibu nini? Mwongo hana shahidi mkubwa wa kumpinga kuliko maneno yake mwenyewe.

Nikavaa buti, nikapanda tutani. Rusi alikuwa ndani ya utoro, maji kiunoni, anavuta majani kwa reki. Anavuta fungu moja, yanakuja mawili. Wavu ulikuwa umeziba kabisa, ukuta wa majani na mabua, na maji upande wa bwawa yalibakiza kama urefu wa kiganja kufika mgongo wa tuta. Nikampigia kelele aung'oe. Alisema ukitoka wavu wanatoka samaki wote, mwaka mzima unatoka, siku sita tu zimebaki, Savka, siku sita.

Nikashuka upande wa bonde kwa makalio, kwenye matope. Dimbwi la mnanaa lilikuwa linachemka polepole, na maji yake yalikuwa kahawia. Nikachota kwa kiganja kama alivyofanya yule mhandisi. Tope. Nilimwita Rusi nikamwambia. Alinijibu kutoka juu kwamba ni mvua, kila kitu leo ni tope.

Labda. Lakini sikuweza kukaa pale nibishane na mgongo. Nikakimbia hadi kwa shangazi.

Alikuwa ameketi jikoni, viatu vya nje miguuni, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba magotini. Nikashukuru Mungu, nikidhani yuko tayari. Nikamshika mkono. Akauondoa.

"Nakwenda wapi?"

"Juu. Kwetu. Tuta linaweza kuvunjika."

"Mimi siishi hapa," alisema. "Nyinyi mlisema. Asiyekuwepo hazami."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania, wala hakuwa na hasira. Alivaa koti, nadhani, ili akutwe nadhifu. Nikamwomba, nikamsukuma, nikalia. Ana uzito wa mtoto lakini alishika ukingo wa meza kama mzizi. Nilijua kwamba hata nikiweza kumbeba sitafika naye hata kwenye kona, njia ilikuwa mto.

Basi nikakaa. Sijui ujasiri huo ulitoka wapi; nadhani haukuwa ujasiri, ulikuwa uchovu. Nikavua buti, nikaziweka kando ya jiko, nikampigia Rusi. Ilichukua muda kupokea.

"Niko kwa shangazi," nikamwambia. "Nimevua buti."

"Toka huko."

"Yeye hatoki, na mimi sitoki. Hesabu sasa. Sisi ni wawili, Rusi. Bwawa lako ni daraja gani?"

Nilisikia mvua ya upande wake na mvua ya upande wangu. Kisha simu ikawa kimya, na sikujua kama ameikata au imeanguka majini.

Shangazi aliinuka akaweka kuni. Nilikuwa nasikiliza kwa ngozi. Kisha ikaja ngurumo, na nikamshika shangazi nikamfunika na mwili wangu, kana kwamba mimi ni kitu. Maji yakapita nyuma ya bustani ya miplamu, kwenye korongo la utoro, yakajaa, yakamwagika shambani, yakapanda ngazi ya kwanza, ya pili, yakasimama kwenye ya pili. Yalikuwa yanakuja kwa njia yake. Ulikuwa ni wavu uliotoka, si tuta.

Tulitazama dirishani. Samaki walikuwa wanapita kati ya miplamu, wakubwa, wa dhahabu, mwaka mzima wa mahindi yetu. Mmoja aligonga ngazi kwa mkia.

Rusi alikuja mvua ilipopungua. Alikuwa amekata kamba za wavu kwa panga, na mbao zilimchapa mkono alipozing'oa, vidole viwili vimevimba. Alisimama mlangoni akidondosha maji. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkausha. Nikamkausha.

28 Novemba

Tuta limesimama. Rusi amefungua bomba la chini, maji yanashuka polepole. Dimbwi la mnanaa limeanza kung'aa tena. Shangazi anaokota sharan kwenye bustani kwa aproni, anasema mwaka huu Mtakatifu Nikola ameleta mwenyewe.

29 Novemba

Nimempigia mhandisi Bilyana. Kisha nikamwambia Rusi kwamba nimempigia. Alikuwa anafunga bandeji. Akaomba nimshikie ncha.

3 Desemba

Mnunuzi alikuja, akalitazama bwawa lililo nusu tupu, akageuza gari.

6 Desemba

Tumekula sharan kwa shangazi, ndani yake kokwa za mjozi na vitunguu. Rusi hakugusa.

9 Desemba

Bilyana alifika asubuhi, baridi kali, matope yameganda. Alipanda tutani akashuka, akaenda kwenye utoro, akaona alama za mbao kwenye zege, akazipitishia kidole. Kidole hicho kilitosha kutuvua nguo. Kisha tukashuka wote mtaa wa chini hadi kwa shangazi, maana nilikuwa nimemweleza kwenye simu kwamba anaishi pale.

Tulisimama uani. Mhandisi akamwambia Rusi kwamba anatakiwa kumwuliza rasmi mwenye bwawa: kuna mtu anayeishi chini ya tuta? Akisema yupo, ni daraja la kwanza, na bwawa lenye utoro huu haliruhusiwi kujazwa tena. Akisema hayupo, yeye ataandika alichoambiwa.

Rusi alitazama vidole vyake vilivyofungwa. Nilijua anachokiona: mjukuu na chuo chake, na sisi wawili na kondoo kumi na mmoja. Sikumsaidia. Nilikuwa nimesema yangu.

Shangazi ndiye aliyemhurumia.

"Mwanangu," alimwambia, taratibu, kama mtu anayempa mwingine kiti, "mimi naweza kusema tena kwamba nakaa kwako. Si kazi ngumu. Nishaizoea."

Rusi akafumba macho. Uso wake ulivunjika, hapo mbele ya mhandisi na mbele ya picha ya mzee Kolyo, naye ni mtu ambaye hata baba yake alimzika macho makavu.

"Hapana, shangazi," alisema. Kisha akamgeukia Bilyana. "Yupo. Anaishi hapa. Ni shangazi yangu."

Mhandisi akatoa kalamu, ikakataa kwa baridi, akaipulizia. Akamwomba shangazi majina yake kamili na mwaka wa kuzaliwa. Shangazi akanyoosha koti.

"Dimka Mineva Gencheva. Elfu moja mia tisa thelathini na tisa. Nimezaliwa nyumba hii hii, chumba kile."

Bilyana akaandika.

"Soma," shangazi akasema.

Akasomewa.

"Soma tena, mwanangu. Sikio hili ni zito."

Sikio lake si zito. Husikia paka akipita juu ya paa. Mhandisi akasoma tena, kwa sauti, kila jina, na mwaka, na kwamba anaishi hapa. Shangazi alisikiliza akiwa amefumba mdomo, kichwa kimeinama kidogo. Kisha akatuambia tuingie ndani, maharage yako motoni.